Kusoma kwenye Moodle ya chuo ukiwa Uganda na bando dogo: hatua kwa hatua

Kila semista ikifika wiki ya pili maswali ni yale yale. Mbona saiti inaniambia sina kozi hata moja, mbona asaimenti yangu imeandikwa draft na mimi niliituma, mbona kwizi imejifunga sijamaliza. Watu wanaulizana kwenye grupu la WhatsApp, huyu anajibu hivi yule vile, anayeumia ni aliyemsikiliza mwenye kelele nyingi. Kwa hiyo nimeona niandike yote pamoja, tena kwa Kiswahili, maana wengi ninaoona wanakwama ni wenzetu waliotoka Kenya na Tanzania kuja kusoma Kansanga, Ishaka au Mbale, na Wakongomani waliomalizia sekondari kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali alafu wakabahatika skolaship, na vijana wa Arua ambao Kiswahili wamekikuta nyumbani. Saiti imejaa Kiingereza cha ofisini na lekchara anadhani kila mtu kazaliwa anaijua.

Jambo la kushika ni moja. Kazi nzito ifanyie nje ya mtandao. Mtandaoni ingia, fanya kilichokupeleka, toka, na ukitoka uwe na ushahidi mkononi. Hizi hatua zote zinatokana na hilo.

Kidogo tu kuhusu hiyo Moodle yenyewe. Ni programu ya bure ya kuendeshea masomo mtandaoni, iliyoanzishwa Australia na Martin Dougiamas, toleo la kwanza lilitoka 2002, na chuo chochote kinaweza kuichukua kikaibandika jina lake na rangi zake. Makerere wanaiita MUELE. Kwingine utakuta jina lingine lakini ndani vitufe ni vile vile, ukiijua moja umejua nyingi. Zamani ilikuwa ya lekchara mmoja mmoja mwenye moyo, anaweka noti zake pale basi. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa korona ndo wote wakakimbilia huko, NCHE, lile baraza la taifa linalosimamia elimu ya juu, likatoa miongozo ya dharura ya kufundisha kwa mbali, na mpaka leo madarasa yamefunguliwa lakini kwizi na asaimenti zimebaki humo humo.

Hatua ya 1: Jua ipi ni ipi

Hapa watu wanachanganya sana. Kuna mfumo wa usajili na kuna mfumo wa masomo, ni vitu viwili. Wa usajili, ambao kwenye vyuo vingi vya serikali ni ACMIS, ndo unakotoa PRN, ile namba ya kulipia ada, unakojiandikisha kozi yuniti zako, na unakoona matokeo ya mwisho. Moodle ni ya noti, kwizi, asaimenti na majadiliano. Mtu anaingia Moodle anatafuta PRN, hapati, anaanza kulaumu chuo. Au anaona alama ya asaimenti kwenye Moodle anadhani tayari imefika kwenye matokeo yake, wakati kuna mtu lazma akae achukue zile alama azihamishe, na hapo katikati ndo alama zinapopotelea. Nitarudi huko mwishoni.

Mara nyingi ukiona Moodle tupu kabisa, haina kozi hata moja, sababu ni tatu. Moja, hujamaliza usajili upande ule mwingine, na baadhi ya vyuo vinaunganisha mifumo hiyo miwili, kwa hiyo bila usajili huonekani. Mbili, lekchara hajafungua kozi, ameificha bado anaipanga, na hapo hamna la kufanya zaidi ya kodineta wa darasa kumkumbusha. Tatu, kozi inataka ujiandikishe mwenyewe kwa neno la siri la kozi, lile lekchara analitaja darasani siku ya kwanza wakati wewe ulikuwa bado kwenye taksi Ntinda. Muulize kodineta kabla hujaenda kupanga foleni ofisi ya TEHAMA, ile foleni inaweza kukula asubuhi nzima.

Hatua ya 2: Ingia mapema, panga profaili

Usisubiri siku ya kwizi. Ingia wiki ya kwanza, badilisha ile paswodi waliyokupa (mara nyingi ni namba yako ya usajili au kitu kama hicho, yaani rafiki yako yeyote anaweza kubahatisha), alafu hakikisha imeili iliyowekwa pale ni unayoifungua kweli. Vyuo vingi vinatumia imeili ya chuo na wanafunzi wengi hawajawahi kuifungua hata mara moja, huku taarifa zote za lekchara zinaenda huko. Iweke kwenye simu kama ulivyoweka Gmail yako, imeisha.

Nenda kwenye profaili uangalie taimzoni. Iwe Africa/Kampala. Ukikuta imewekwa ya Ulaya, saa zote za dedilaini unazoziona zitakuwa nyuma au mbele na wewe hujui. Na kwenye saa zenyewe kuwa makini, maana Moodle inaandika kizungu: 5:00 PM ni saa kumi na moja jioni, hilo unalijua, lakini inayoua watu ni ile 12:00 AM. Ukiona "Friday, 12:00 AM" hiyo ni usiku wa manane Alhamisi kuamkia Ijumaa. Ijumaa ukiamka mlango ulishafungwa kitambo. Malekchara wengine wanaiacha hivyo bila kufikiria kwa sababu mfumo wenyewe unaweza kuwapangia saa hiyo, kwa hiyo ukiiona muulize kwenye foramu kama anamaanisha hivyo kweli, wengi wakiulizwa wanasogeza mpaka 11:59 PM.

Paswodi ni yako wewe. Najua pale Wandegeya na mitaa yote ya karibu na vyuo kuna vibanda vya kuchapa ambapo unamwachia jamaa paswodi akupandishie kazi, na kuna mamasenari wanaofanya asaimenti nzima kwa pesa. Mambo ya maadili tuyaache kidogo, tuongee mitambo: Moodle inarekodi kila kuingia, saa ngapi, kutoka anwani gani ya intaneti, na ulifungua nini. Wanafunzi kumi wakituma kazi kutoka anwani moja ya kibanda ndani ya nusu saa, lekchara akitaka kuangalia anaiona. Na huyo jamaa wa kibanda anaweza kuona kila kitu chako, pamoja na kubadilisha paswodi akiamua.

Hatua ya 3: Tafuta mtandao usiokukamua

Kama chuo chako ni mwanachama wa RENU, ule mtandao wa vyuo na utafiti wa Uganda, basi una haki ya eduroam, ile wifi ya pamoja ya vyuo, na wengi hata hawajui. Unaiweka mara moja kwenye simu au laptopu, jina la kuingilia linakuwa kama imeili, lina alama ya @ na mwisho wa chuo chako, na paswodi wanakupa TEHAMA. Utamu wake uko hapa: ukitoka Gulu ukaenda kumtembelea ndugu yako anayesoma Mbarara, simu inashika yenyewe kule kwa akaunti yako ile ile. Hata nje ya nchi, chuo chenye eduroam kinakupokea. Na RENU walisambaza pia nje ya kampasi, kwenye baadhi ya hosteli na mitaa, kwa hiyo ukiwa mjini washa wifi uangalie majina yanayotokea kabla hujanunua bando.

Ukikosa hiyo, ni bando. Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda ina ushuru wa asilimia 12, huo ndo uliochukua nafasi ya ile OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza 2018, kwa hiyo kila megabaiti unayopoteza umeilipia na kodi juu. Mi ushauri wangu bando la siku nunua kwa WhatsApp na maisha, ila kwa chuo weka akiba ya lile lisiloisha muda, kama Freedom ya MTN au Chillax ya Airtel, hata kama ni dogo. Usiliguse. Ni la siku ya dedilaini tu, ile siku wifi ya hosteli inakufa saa mbili usiku kwa sababu hosteli nzima inatuma asaimenti moja.

Sasa VPN, zile apu za kupitishia intaneti njia nyingine ili kukwepa vizuizi. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021 kabla ya uchaguzi, na OTT nayo ilishazoesha watu kukwepa hivyo, kwa hiyo simu nyingi za wanafunzi zina VPN inayokaa imewashwa saa zote. Ukiingia Moodle izime. Inakula data ya ziada, inapunguza spidi, na inaweza kukutoa nje katikati ya kwizi maana njia ya mtandao ikibadilika ghafla mfumo mwingine unadhani ni mtu mwingine. Na kama chuo chako kina makubaliano na kampuni ya simu saiti ya masomo isikate bando, waulize TEHAMA kama yapo, basi jua VPN inayaharibu: kampuni haioni tena kwamba unaenda saiti ya chuo, inaona unaenda kwa VPN, inakukata kama kawaida. Banange, watu wanalipa kitu cha bure.

Hatua ya 4: Shusha kozi nzima mara moja

Hii ndo hatua itakayokuokolea pesa kuliko zote. Usifungue noti kwenye brauza kila ukitaka kusoma. Weka apu ya Moodle kwenye simu, ipo Play Store bure, ukiifungua inakuuliza anwani ya saiti ya chuo, unaweka, unaingia kwa jina na paswodi ile ile. (Kama inakataa na paswodi ni sawa, inawezekana chuo hakijaruhusu apu, hiyo waulize TEHAMA.) Ukiwa kwenye eduroam au wifi ya laibrari fungua kila kozi, kuna alama ya kushusha pembeni ya kila sehemu au kwa kozi nzima, bonyeza, subiri. Hapo noti, PDF na kurasa zote zinakaa ndani ya simu, unazisoma kwenye taksi ya kwenda Mukono, unazisoma umeme umekatika, unazisoma data imekwisha.

Video ziangalie kwanza ukubwa kabla hujazishusha. Lekchara anarekodi saa nzima akiongea juu ya slaidi, faili inakuwa mamia ya megabaiti, na ukisikiliza unakuta amesoma slaidi neno kwa neno. Chukua slaidi. Ukitaka video kweli na ipo YouTube, shusha kiwango mpaka 144p au 240p, maandishi ya ubaoni hutayaona vizuri lakini sauti utaipata, na slaidi unazo mkononi.

Fanya hivyo kila wiki, siku moja ile ile, mi napenda Ijumaa baada ya lekcha ya mwisho kabla watu hawajamiminika laibrari. Na usidhani mtandao utakuwepo siku zote. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kuanzia jioni ya tarehe 13, kesho yake ndo uchaguzi, mpaka tarehe 18. Aliyekuwa na noti kwenye simu alisoma, aliyezoea kufungua kwenye brauza alikaa. Ukisikia nchi inaelekea kwenye uchaguzi au unaona mvua ya kuangusha nguzo inakuja, shusha kila kitu siku hiyo hiyo.

Foramu na madarasa ya laivu

Haya nayapitia haraka. Foramu ya matangazo isome, ndo neno rasmi la lekchara, ya WhatsApp ni tetesi mpaka ithibitishwe huku. Ukiandika kwenye foramu kwa kawaida una kama nusu saa ya kurekebisha, baadaye inabaki hivyo hivyo na imeili zimeshaenda kwa darasa zima, kwa hiyo usiandike ukiwa na hasira. Imeili zikikuzidi, kwenye profaili kuna sehemu ya kuomba upewe moja tu kwa siku yenye yote.

Darasa la laivu, iwe Zoom au BigBlueButton ambayo inafunguka ndani ya Moodle yenyewe bila kuweka apu nyingine, zima kamera yako na kama inawezekana zima na video za wengine. Kundi lenye video linaweza kula gigabaiti nzima na zaidi kwa saa, sauti peke yake haifiki hata 100MB. Lekchara akisisitiza kamera ziwashwe mwambie kwa adabu kuhusu bando, "samahani ssebo, data yangu ni ndogo," (ssebo ni bwana, mwanamke ni nyabo), wengi wanaelewa. Wao pia wananunua. Na kama inarekodiwa na umeme umekata kwenu, usihangaike kutafuta hotspoti barabarani usiku, rekodi itakuwepo kesho.

Hatua ya 5: Kutuma asaimenti mpaka ifike kweli

Hapa tukae kidogo.

Andika kazi yako nje ya Moodle. Usiandike moja kwa moja kwenye kile kisanduku cha saiti, mfumo ukikusahau ukabonyeza kuhifadhi unarushwa kwenye ukurasa wa kuingia na maneno yako yanaweza kwenda. Andika kwenye Word, WPS au Google Docs iliyowekwa kufanya kazi bila mtandao. Ukimaliza igeuze PDF, isipokuwa lekchara amesema anataka Word, maana PDF haivurugiki ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine.

Kazi ya mkono, hesabu, michoro, ramani, usitume picha kumi zilizopigwa kitandani zenye kivuli cha kichwa chako. Apu ya Google Drive kwenye Android ina kifaa cha kuskani, unapiga kurasa zote mfululizo zinakuwa PDF moja, nyeupe, nyepesi. Picha za kawaida za simu kila moja ina megabaiti kadhaa, na pale kwenye kisanduku cha kuwekea faili pameandikwa ukubwa wa juu na idadi ya faili, ukizidisha inakataa, na inakataa dakika zile za mwisho ambapo huna muda wa kujifunza kupunguza faili. Soma yale maandishi siku asaimenti inapowekwa.

Jina la faili liwe na namba yako na kozi yuniti. Lekchara akishusha kazi za watu mia mbili, "Document1 final final" yako haiwezi kumsaidia, wala wewe.

Sasa kutuma. Unabonyeza "Add submission", unaweka faili, unabonyeza "Save changes". Wengi wanaishia hapo wanafunga simu wanaenda kula rolex, ile chapati ya mayai. Subiri. Soma kijedwali kinachotokea. Kikisema "Submitted for grading" sawa, imefika. Kikisema "Draft (not submitted)" haijafika, imekaa mezani kwako tu, na kuna kitufe kingine chini, "Submit assignment", hicho ndo kinaipeleka, na baada yake mara nyingi huwezi kubadilisha tena. Si asaimenti zote zina hicho kitufe cha pili, ni lekchara ndo anachagua, ndo maana mtu anasema mbona ya wiki jana ilienda yenyewe. Usibishane na mtu. Soma kijedwali.

Alafu fungua ile faili uliyotuma, hapo hapo kwenye saiti, uone ni yenyewe. Kuna watu wametuma risiti ya tuition badala ya ripoti.

Piga skrinshoti ya kijedwali pamoja na saa ya juu ya simu. Kama saiti inatuma imeili ya kuthibitisha, usiifute.

Kuhusu dedilaini: Moodle ina tarehe mbili, ya kutakiwa na ya kufunga kabisa. Lekchara anaweza kuweka ya kwanza peke yake, na hapo ukichelewa bado inapokea ila inaandika umechelewa kwa saa ngapi. Akiweka na ya pili, ikifika mlango unafungwa, hamna kugonga. Usibahatishe ni ipi, lenga kutuma siku moja kabla, mchana, wakati wengine bado hawajaanza. Seva ya chuo saa tano usiku siku ya dedilaini ni kama Old Taxi Park mkesha wa Krismasi, kila mtu anataka kutoka na geti ni moja.

Kama chuo kinapitisha kazi kwenye Turnitin, ile programu ya kukagua kazi zilizonakiliwa, asilimia inayotoa si hukumu. Inaonyesha maneno yanayofanana na ya kwingine, pamoja na nukuu na orodha ya vitabu. Asilimia 25 ya nukuu zilizowekwa vizuri ni afadhali kuliko 8 ya aya moja iliyonyofolewa nzima. Usilipe mtu wa kibanda "akushushie asilimia", anachofanya ni kubadilisha maneno mpaka sentensi zako hazieleweki, na kupandisha kazi yako kwingine ambapo inaweza kuhifadhiwa na ikakurudi wewe kama mwizi wa kazi yako mwenyewe.

Hatua ya 6: Kwizi yenye saa

Kabla ya kuanza soma yale maelezo ya mwanzo: dakika ngapi, mara ngapi unaruhusiwa, inafungwa saa ngapi. Jua hii: ukishabonyeza kuanza, saa inahesabiwa kwenye seva, si kwenye simu yako. Ukitoka, simu ikizima, ukifunga brauza, saa inaendelea. Na ukianza dakika kumi kabla ya kwizi kufungwa, kwizi ya dakika arobaini unapata hizo kumi basi.

Habari njema ni kwamba mtandao ukikatika kidogo hujaisha. Moodle inahifadhi majibu kila ukienda ukurasa mwingine, na kwa kawaida inajihifadhi yenyewe pia kama kila dakika moja. Kwa hiyo mtandao ukirudi ingia tena, bonyeza kuendelea, utayakuta. Usianze kupaniki ukabonyeza kila kitu. Muda ukiisha, saiti nyingi zimepangwa kutuma zenyewe kile kilichohifadhiwa, ila ulichojibu wakati mtandao haupo na hakijafika kwenye seva hakihesabiwi. Ndo maana mi nasema maswali rahisi jibu kwanza, nenda ukurasa unaofuata, urudi kwa magumu baadaye, isipokuwa kwizi imepangwa usirudi nyuma, hilo nalo limeandikwa mwanzoni.

Tumia brauza moja, dirisha moja. Ukifungua kwizi ile ile kwenye simu na laptopu pamoja majibu yanaweza kugongana. Simu iwe imechajiwa, paua benki karibu, hotspoti ya pili ikiwezekana ya kampuni nyingine, kama wewe ni MTN mwenzio awe Airtel. Simu iweke isipokee kupigiwa kwa huo muda, maana kwenye mitandao mingine ukipokea simu data inakatika, na shangazi anajua kupiga saa ile ile ya kwizi.

Ukimaliza kuna "Finish attempt", hiyo bado haijatuma, inakuonyesha tu orodha ya maswali na yapi hujajibu. Kinachotuma ni "Submit all and finish", alafu inauliza tena kuhakikisha, kubali. Skrinshoti.

Baadhi ya malekchara wanaruhusu kwizi kufanywa kwenye apu bila mtandao: unaishusha, unajibu, ukipata mtandao inajipeleka. Ni nadra, na kwa mtihani wenye uzito hawataki, lakini kwa yale mazoezi ya kila wiki mwombeni kwa pamoja kupitia kodineta. Lekchara ndo anaweka hiyo ruhusa, na wengi hawajui hata kama ipo.

Kikiharibika kitu kweli, saiti yote imelala na kwizi inaendelea, andika hapo hapo imeili fupi kwa lekchara na nakala kwa TEHAMA: jina, namba, kwizi gani, saa ngapi, kilichoonekana kwenye skrini, na picha. Ukiandika ndani ya dakika zile zile logi za seva, yaani rekodi zake, zinakutetea, wanaona kweli uliingia, kweli ulikatika. Ukiandika baada ya siku tatu na hadithi ndefu, logi zipo bado ila nani ana muda wa kuzitafuta.

Hatua ya 7: Alama, na kufunga semista

Katikati ya semista ingia sehemu ya "Grades" kwenye kila kozi. Uone asaimenti zipi zina alama na zipi zina kistari. Kistari wiki ya nne si tatizo, kistari wiki ya kumi na nne ni tatizo. Piga skrinshoti za hizo kurasa mara kwa mara, ziweke kwenye folda moja yenye jina la semista, kwenye Drive si kwenye simu peke yake, simu zinaibiwa.

Kabla ya mitihani ya mwisho shusha kila kitu ambacho hukuwa umekishusha, pamoja na kazi zako mwenyewe na maoni ya lekchara. Semista ikiisha kozi inaweza kufichwa, na ukipewa riteki, yaani kurudia kozi, mwaka unaofuata zile noti unazihitaji na ukurasa haupo.

Na alama ikikosekana kwenye matokeo, wakati kwenye Moodle ilikuwepo, usianze na kulalamika koridoni. Kusanya: skrinshoti ya "Submitted for grading", skrinshoti ya alama kwenye Moodle, na ya ukurasa wa ACMIS unaoonyesha pengo. Andika kwa lekchara kwanza, kwa imeili ya chuo na si WhatsApp, mistari mitano inatosha: mimi ni nani, namba yangu, kozi yuniti na semista, alama ipi iko wapi na haipo wapi, ushahidi nimeambatanisha, naomba msaada wako nyabo au ssebo. Mpe wiki moja. Akinyamaza, peleka barua ile ile kwa mkuu wa idara ukionyesha tarehe uliyoandika mwanzo, baada ya hapo ndo ofisi ya AR, msajili wa masomo. Na kabla hujatuma hata ya kwanza waulize wenzako, maana mara nyingi unakuta ni kundi zima la jioni limerukwa kwenye kuhamisha alama, na barua moja yenye majina thelathini kupitia kodineta inafunguliwa haraka kuliko thelathini za mtu mmoja mmoja.